Nyumba ya Parsaoti Juu ya Canter

“Mama Ngugi, mimi ni mzee wa ng'ombe, sio bibi harusi! Haya maua ni ya nini?”

Hivyo ndivyo Parsaoti alivyoingia kibandani kwangu Noonkopir, hapa Kitengela, pazia begani, fimbo mkononi, bila hodi. Mimi hushona mapazia, vifuniko vya viti na maturubai ya lori, na wateja wenye kelele nimewazoea. Lakini kitambaa hicho cha maua mekundu alikuwa amekichagua yeye mwenyewe, mbele ya watu, akisema ni chekundu kama shuka lake.

“Salamu umeziacha Bisil?” nikamwuliza.

“Takwenya.”

“Iko,” nikaitikia Kimaasai chake. “Sasa sema polepole. Maua ulichagua kwa mkono wako. Ulitaka nikushonee ng'ombe?”

“Na godoro inateleza.”

“Si ulisema niivishe turubai isishike vumbi? Turubai ni ya kufunika mizigo, Baba Nelson. Mzigo haulalamiki.”

“Na hiyo nyumba inanuka rangi tu. Nyumba ya watu inanuka watu.”

Hapo nikaacha kushona. Nikavua miwani.

“Wewe unajuaje godoro inateleza? Mke wa mtoto wako ameniambia hujalala huko hata siku moja. Kitanda kiko, taa iko, meko iko, na wewe unalala mbele kwa kiti cha dereva, magoti yamegusa usukani, kama turnboy wa lori amefungiwa nje na bibi yake.”

Fundi wa viatu aliye jirani yangu akacheka. Parsaoti hakucheka. Alilikunja lile pazia, akalikunja tena, akalilaza juu ya cherehani yangu kama mtu anayelaza mtoto.

“Naliaka anaongea sana,” akasema, akaenda zake.

Nikajua ugomvi haukuwa wa maua.

Watu wa Kitengela wanaijua hiyo gari. Ni Canter kuukuu iliyojengewa nyumba ya mabati mgongoni, imeegeshwa nje ya geti la ploti anakopanga Nelson, kijana wake Parsaoti. Watoto wanaiita kibanda cha kuku. Wakubwa wanasema mzee alichanganyikiwa ng'ombe wake walipokufa. Hajachanganyikiwa. Ninaandika haya kwa sababu nimechoka kuwajibu mmoja mmoja.

Parsaoti alizaliwa hapa hapa, wakati hapa palikuwa nyasi na nyumbu. Ni mrefu, mkavu, na ndewe za masikio yake zilizotobolewa huzikunja juu ya sikio akiendesha gari, zisimpigepige shavuni. Baba yake alikuwa na shamba ambalo ukisimama huku huoni mwisho wake. Baba akauza kipande, ndugu wakauza vipande, wajukuu wakauza vilivyobaki. Ploti yangu mimi imetoka huko huko. Niliuziwa na mtu aliyeuziwa na mtu. Mwishowe Parsaoti akabaki na kipande kimoja, boma moja, ng'ombe kiasi, hiyo Canter ya kubebea mifugo kutoka soko la Bisil, na mke mmoja. Mke huyo aliitwa Tabitha.

Tabitha nilimjua kabla ya kumjua mume wake. Alikuwa akituletea maziwa kwa miguu, na maziwa yake yalikuwa na ule moshi wa kibuyu ambao watoto wangu mwanzoni waliutema na baadaye wakaulilia. Siku ya kwanza aliposimama mlangoni kwangu aliangalia kuta zangu za mawe, juu na chini, kama mtu anayenunua ng'ombe.

“Hii nyumba ni ya nani?” akauliza.

“Yangu.”

“Ulijenga wewe?”

“Nililipa fundi.”

“Basi ni ya fundi.” Akacheka mpaka akashika mlango wa fundi ili asianguke.

Kwao nyumba hujengwa na mwanamke. Yeye ndiye hukata fito na kuzisuka, yeye ndiye huchanganya mavi ya ng'ombe na kupaka, na mvua ikivuja yeye ndiye hupanda juu ya paa kuziba huku mume amejifunika shuka. Kwa hiyo nyumba ni yake. Mwanamume ana boma, ana ng'ombe, lakini nyumba hana. Analala kwa nyumba ya mke. Tabitha alinieleza hayo vile unavyomweleza mtoto kwamba moto unachoma.

Sasa, kile kipande cha mwisho. Nelson alikuwa chuoni, na mama mzee wa Parsaoti alikuwa hospitalini. Parsaoti akapata mtu wa kununua upande wa barabara, ambao ulikuwa mawe matupu. Wakaenda Kajiado yeye na Tabitha, mbele ya wazee wa bodi ya ardhi. Tabitha akaulizwa kama anakubali. Akamtazama mume wake, akasema anakubali. Hakuna aliyemlazimisha. Mawe si kitu.

Wakati huohuo nyumba yake ya zamani ilikuwa imeoza, na alikuwa ameanza nyingine, mpya, kubwa kidogo. Alikuwa akija na maziwa mikono imekauka udongo mpaka kwenye viwiko.

“Nimeahidiwa kondoo,” aliniambia. “Nikimaliza nyumba, Parsaoti ananipa kondoo mnono. Wako alikupa nini?”

Jibu langu tuliache.

Alimaliza. Ukuta ulikuwa haujakauka vizuri. Trekta ya yule mnunuzi ikaja na karatasi zake zote sawasawa, na nyumba mpya ya Tabitha, pamoja na boma lote, vilikuwa ndani ya mpaka. Watu wakasema mzee amedanganywa na mpimaji; mimi pia nilisema. Kuiangusha kulichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Tabitha alisimama kando, ameshika ndoo ya maji ya kunawa mikono, na hakunawa. Leo mahali pale panafyatuliwa matofali ya simiti.

Kondoo hakuletwa. Nani alete kondoo wa nyumba iliyolala chini?

Walihamia chumba cha kupanga nyuma ya kinu cha kusaga unga. Ng'ombe walipelekwa kwa jamaa upande wa Bisil, ambako binti yao mkubwa, Resian, alikuwa ameolewa. Tabitha hakulia wala hakununa, aliendelea kunitania. Lakini nilipomtembelea nilikuta amezoea kupapasa ule ukuta wa jiwe kwa kiganja, juu na chini, juu na chini, vile wanavyopaka. “Hii haishiki kitu,” aliniambia siku moja. Baada ya hapo alianza kuugua. Hospitali walisema ni presha. Siku ya mwisho nilipomwona, Resian alikuwa amekuja kutoka Bisil, ameketi miguuni pake. Tabitha akatutazama sote wawili, akatabasamu.

“Huyo mwanaume bado ako na deni yangu. Kondoo.”

Mimi nilicheka kumfurahisha. Resian hakucheka.

Alizikwa kwenye makaburi ya watu wote, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kumzika. Udongo ulipokwisha kurudishwa, Resian aliinamisha kichwa mbele ya baba yake kama desturi inavyotaka, akaguswa, akanyanyuka, akasema, “Papa, usinipigie simu.” Akapanda gari akarudi Bisil.

Kisha ukaja ule ukame mrefu. Ng'ombe walikufa mmoja mmoja halafu wakafa kwa makundi. Yeye mwenyewe aliwabeba wengine kwenye Canter kuwatafutia nyasi, akawashusha wamekufa. Ulipokwisha alikuwa na gari na fimbo.

Nelson alimchukua. Nelson ni kijana mzuri, bawabu kwenye kiwanda huko chini, amepanga nyumba ya chumba kimoja na sebule pamoja na mke wake, Naliaka, Mluhya wa Bungoma. Na hapo pakawa na shida. Kwa Wamaasai, mzee halali kwenye nyumba ya mke wa mtoto wake. Kwa Waluhya, vivyo hivyo. Makabila mawili ambayo hayawezi kuelewana hata juu ya mboga yalielewana juu ya hilo papo hapo. Naliaka aliweka chakula cha baba mkwe kwenye stuli nje ya mlango, akaingia ndani upesi, akaita kupitia dirishani, “Baba, chakula iko!” Mzee akala ameupa mlango mgongo. Kisha akaenda kulala ndani ya Canter. Nelson alitaka kumpangia chumba chake. Mzee alikataa.

“Chumba ya kupanga ndio ilimaliza mama yako.”

Siku moja akaja kwa Munguti, fundi wa kuchomelea vyuma anayefanya kazi ng'ambo ya barabara kutoka kwangu, akamwambia amjengee nyumba juu ya hiyo gari. Mimi nilisikia yote, maana Munguti hawezi kuzungumza bila kupiga kelele.

“Mlango iwe hapa,” Parsaoti akasema, akaweka fimbo kifuani.

“Mzee, mtu atagonga kichwa.”

“Ainame.”

“Na dirisha?”

Akamwonyesha ngumi.

“Dirisha ya ngumi? Mzee, hii ni nyumba ama ni kibuyu?”

“Wewe choma chuma. Maswali pelekea mke wako.”

Walijenga kwa muda mrefu, kwa sababu kila kitu kilipimwa kwa fimbo ya mzee na kila kipimo kilikuwa na kesi. Mifupa ilikuwa ya vyuma vya mraba, imeshikishwa kwenye bodi ya gari kwa nati ili nyumba isihame gari likipanda matuta. Nje mabati, ndani mbao nyembamba za plywood. Mabati huoka mchana na kugandisha usiku, kwa hiyo katikati tulijaza vipande vya sponji nilivyokuwa nimebakisha kwenye magodoro. Paa walilitia riveti na silikoni. Upande wa kushoto kikawekwa kitanda kipana, chini yake masanduku ya nguo yenye vifuniko. Katikati, pa moto, kipande cha chuma kizito cha kukalisha meko ya gesi. Juu ya paa sola ndogo ya kuwasha taa moja. Nyuma, ngazi ya kukunja. Na pembeni mwa mlango mzee akataka pakatwe kijichumba kidogo, cha kumfikia mtu kiunoni.

“Ya nini?” Munguti akauliza.

“Ya ndama.”

“Ndama gani, mzee? Wote si walikufa?”

“Weka.”

Munguti akaweka. Pakakaa mtungi wa maji. Mimi nikaleta godoro na mapazia, nikagonga kichwa mlangoni, nikatukana kidogo, nikaondoka nikisema uzee ni ubishi.

Basi siku ile ya ugomvi wa maua, nilifunga kibanda nikamfuata na pazia lake. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, ameipa mgongo. Nilipita kando yake nikainama, nikaingia, nikakaa kitandani. Na nilipokaa vile, kitanda kushoto, moto katikati, mahali pa ndama mlangoni, mwanga mdogo wa dirisha la ngumi ukiniangukia mguuni, nikakumbuka. Niliwahi kunywa chai mahali kama hapa. Ilikuwa kwa Tabitha, kwenye ile nyumba ya zamani.

Nikatoka. Nikakaa chini yake kwenye ngazi.

“Hiyo ni nyumba ya Tabitha,” nikasema.

“Ni sanduku.”

“Baba Nelson.”

“Munguti ni mwanaume, mimi ni mwanaume. Nyumba hakuna mwanaume amejenga. Nikilala huko ndani nasikia kama mimi ni mzigo.”

“Mimi ni mwanamke. Nimeshona.”

“Umeshona. Hujapaka. Na wewe sio mtu wa hiyo nyumba.” Hakulisema kwa ubaya. “Mtu wa hiyo nyumba ni mmoja tu amebaki, na hashiki simu yangu.”

“Unataka Resian afanye nini?”

“Aweke mkono. Hata mahali padogo. Nikikosa hiyo, nitalala kwa kiti mpaka nife, na itakuwa haki.”

Nilikuwa na turubai la kupeleka kwa mwenye lori mmoja Bisil. Ningeweza kulituma. Lakini nilimwangalia yule mzee, magoti yake yamevimba kwa kukunjwa, nikamwambia siku ya soko nitapanda naye, na asinicheleweshe.

Kwenye kiti cha mbele niliona mahali anapolala. Sponji imebonyea upande mmoja, umbo la bega. Shuka lilikuwa limekunjwa vizuri chini ya dashbodi. Tuliendesha, nyumba ikilialia nyuma yetu, vikombe vikigongana ndani ya sanduku. Wachungaji kando ya barabara walituinulia fimbo na kucheka. Parsaoti alikunja ndewe zake juu ya masikio, akaangalia mbele.

Tulipofika Kajiado alipunguza mwendo bila sababu, lori la nyuma likapiga honi.

“Hapa ndipo alisema amekubali,” akasema.

“Najua. Alinieleza.”

“Kuna kitu hujui. Mpimaji hakunidanganya. Nilimwonyesha mpaka kwa fimbo, vile baba yangu alikuwa anaonyesha watu. Kutoka hapa mpaka kule. Fimbo ni kitu mbaya, Mama Ngugi, inaonyesha mbali. Akapanda mawe yake ya mpaka. Siku ya pili nikapita nikaona jiwe liko nyuma ya nyumba ya Tabitha. Nyumba ilikuwa fito tu, bado.”

“Ukamwambia?”

Alibadilisha gia. Aliibadilisha tena.

“Pesa nilikuwa nimekula. Nilisema kesho. Kesho ananipita na mavi ya ng'ombe kichwani, anaimba. Ananiuliza mbona namwangalia. Mimi nikasema, ukimaliza nitakupa kondoo.”

Kutoka pale Kajiado mpaka karibu na Bisil nilimwona tu Tabitha mlangoni kwangu, akijisifu kwa sababu ya kondoo aliyeahidiwa kwa nyumba iliyokwisha kuuzwa.

Bisil soko lilikuwa limejaa. Niliteremsha turubai langu, nikarudi nikamkuta mzee katikati ya kondoo, anapapasa mikia, anabishana na kijana mmoja. Akarudi anavuta kondoo jike wa kahawia.

“Huyo wa nini? Hata chai hatujakunywa.”

Alimfunga kwenye ngazi ya gari.

Resian ana kibanda cha chai na chapati kando ya soko. Alimwona baba yake kabla hatujafika, na nilimwona akipangusa mikono muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Amefanana na mama yake mpaka inatisha. Akaja, akainamisha kichwa. Hata hasira haiondoi hilo. Parsaoti akaweka kiganja juu ya nywele zake, na kiganja kikakawia kidogo. Resian akajitoa chini yake.

Kisha akanigeukia mimi, kana kwamba nimekuja peke yangu.

“Mama Ngugi, karibu. Hii sanduku ni ya nini?”

“Ni nyumba ya baba yako.”

“Mwanaume amejenga nyumba?” Akacheka, na kile kicheko afadhali angenitukana. “Na aliuza ya mama.”

Baba yake alikuwa amesimama hatua chache, anasikia kila kitu. Hivyo ndivyo walivyozungumza siku ile yote, yeye akisema kwangu, mzee akisikia, mimi nikiwa katikati kama ukuta wa plywood.

“Hajalala humo, analala kwa kiti cha dereva. Anaomba uingie uone, uweke mkono,” nikasema.

“Mwambie niko na wateja.”

Wateja wenyewe walikuwa wamegeuza viti vyao watutazame. Resian akavua aproni. Akapanda ngazi, akainama bila kuambiwa, akaingia bila kugusa juu. Mzee alibaki chini, kwa heshima, fimbo imekumbatiwa kifuani. Nilimfuata Resian mimi, nikagonga kichwa tena.

Aliangalia. Akagusa kitanda. Akagusa chuma cha moto. Alipoona kile kijichumba cha ndama alishika mdomo, na nikadhani mambo yamekuwa mazuri. Akachungulia kwenye dirisha la ngumi. Kisha akageuka upande wa kulia, ambako palikuwa na ukuta mtupu, ndoo, na viatu vya mzee.

“Na yeiyo analala wapi?”

Yeiyo ni mama. Sikuelewa.

“Kwa nyumba yetu kuna vitanda viwili,” akaniambia. “Kikubwa cha mzee na watoto. Na kidogo, cha mama, hapa, karibu na moto, na vibuyu vyake juu ya kichwa. Amekumbuka kitanda yake. Amekumbuka mpaka ndama. Mwulize, mama alikuwa analala wapi?”

Sikuhitaji kumwuliza. Mabati hayazuii sauti. Tuliposhuka, mzee alikuwa anaangalia chini. Alikuwa amejenga kila kitu alichokiona akiwa amelala chali kitandani mwake, na upande ule wa pili, wa kuamka mapema na kuwasha moto, hakuwahi kuutazama.

“Nilisahau,” akasema. Alisema kwa Kiswahili, kwangu, naye pia akipitia kwangu. “Mwambie nimesahau. Na mwambie jambo lingine. Lile jiwe la mpaka nililiona. Niliona mapema, nikanyamaza.”

Nikamgeukia Resian, lakini alishaanza kutikisa kichwa.

“Mwambie yeiyo pia aliliona.”

Wale wa chai wakasogeza viti karibu.

“Aliliona siku alienda kukata nyasi. Aliniambia huko kwa ile chumba, kabla afe. Alijua nyumba imeuzwa. Akaendelea kujenga, akingoja aambiwe. Alisema, nikimaliza ukuta huu atanieleza. Nikimaliza ule atanieleza. Halafu badala ya kuelezwa akapewa kondoo ya mdomo.”

Parsaoti alivuta shuka lake likafunika kichwa, akaketi chini kwenye vumbi, mzee mzima, katikati ya soko. Nilitaka kwenda kwake. Sikuwa na haki ya kwenda. Resian alisimama pale akimwangalia, mikono imening'inia, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. Akachukua beseni la kuoshea vikombe, akamwaga maji, akaondoka.

Siku ya soko Bisil mavi ya ng'ombe hayanunuliwi. Alirudi na beseni limejaa, amechanganya na majivu ya jiko lake na maji kidogo, mikono imezama mpaka kwenye viwiko. Akapanda ngazi. Nilimwangalia kutoka mlangoni. Alitupa nje viatu vya mzee, kimoja, cha pili. Akatoa ndoo. Kisha kwenye ule ukuta mtupu wa kulia, karibu na moto, akapaka, kiganja juu na chini, juu na chini, bila haraka. Mwanzoni plywood ilikataa, ikateleza. Akaikwaruza kwa kisu, akapaka tena, ikashika. Alipaka mahali panapotosha mwanamke mdogo aliyejikunja, si zaidi. Harufu ikajaa ndani, ikaifukuza ile ya rangi.

Akashuka.

“Mwambie hii sio nyumba,” akasema. “Na mimi sitalala huko wala sitakuja Kitengela. Lakini mtu asilale kwa kiti. Na hapo nimepaka asiweke kitu. Sio mtungi, sio viatu. Hapo pana mwenyewe.”

Parsaoti aliinuka. Alimfungua kondoo kwenye ngazi, akamletea Resian kamba, akanyoosha mkono. Kwa mara ya kwanza alisema naye moja kwa moja.

“Nakerai, mwanangu. Ni ya mama yako. Ile nyumba aliimaliza.”

Resian hakuipokea. Aliiangalia tu ile kamba. Mzee akaitundika taratibu kwenye kigingi cha kibanda, akafunga fundo. Kisha akavua akala zake za tairi, akapanda ngazi, akainama, akaingia nyumbani mwake, akavuta pazia la maua.

Tulikunywa chai, mimi na Resian. Jua lilikuwa juu ya kichwa na soko lilikuwa linapiga kelele, na kutoka ndani ya Canter tukasikia mzee anakoroma, koromo refu la mtu aliyenyoosha miguu.

Nilidhani Resian atakasirika. Alisikiliza. Akaweka kikombe chini, akaenda kwenye kigingi, akampapasa kondoo mgongoni, akampima mkia kwa vidole.

“Imekonda,” akaniambia. Na hapo ndipo macho yalipolowa. “Yeiyo angesema imekonda.”

Akafungua fundo.

“Lakini imefika,” akasema, akamvuta kondoo wa mama yake kuelekea kwake.